Maji ya Samaki si Maji ya Kunywa

Samaki wa kwanza alikufa usiku wa Jumanne, na ilipofika Ijumaa wote sita walikuwa wamekwisha. Binti yangu wa miaka tisa, akiwa bado anachechemea kwa mguu aliovunjika, aliwazika chini ya mgomba ulio nyuma ya jiko letu, akaweka jiwe juu ya kaburi, kisha akaja kusimama mlangoni mwa chumba nilimokuwa nikiandika. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Baba, ulisema maji ni safi. Yalikuwa safi kweli?"

Kazi yangu ni uandishi wa habari, na mwandishi amezoea kuuliza kuliko kuulizwa. Nilimjibu kwamba maji yalikuwa safi kabisa, kwani nilikuwa nimeyachemsha mwenyewe. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na kumbe ukweli wenyewe ndio uliowaua samaki.

Tunaishi Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Tangi la kioo nililinunua kwa mtumishi mmoja aliyekuwa akihamishwa, ambaye hakuona namna ya kulisafirisha katika lori pamoja na makabati yake. Urefu wake ni sentimita 60, upana 30 na kimo 35. Anayekumbuka hesabu za shule ya msingi atapata lita 63. Lakini hakuna mtu alijazaye tangi hadi ukingoni, na ukitandaza kokoto chini zinabaki lita kama 50 tu. Nililinunua kwa ajili ya mtoto. Alikuwa amelala kitandani, mguu ndani ya plasta, wenzake wako shuleni, na daktari alikuwa amezitaja wiki nyingi. Wako watakaosema kwamba samaki wa kutazama ni anasa isiyomfaa mfanyakazi. Huenda wana haki. Lakini hao hawajamwona mtoto akihesabu mbao za dari tangu asubuhi hadi jioni.

Samaki wenyewe waliletwa kwa basi kutoka Mwanza, ndani ya mfuko wa plastiki uliotiwa hewa. Ni wale wa rangi ya dhahabu, ambao asili yao ni Uchina. Hapo nilikuwa nimepata ushauri mzuri. Karagwe ni nchi ya vilima, usiku wake una baridi, na samaki wengi wa mapambo wanataka maji ya joto la nyuzi 24 au zaidi, joto ambalo kwetu halipatikani bila chombo cha umeme cha kupashia maji. Samaki wa dhahabu hustahimili baridi. Jambo ambalo sikuambiwa ni kwamba ni wachache miongoni mwa samaki wa nyumbani wanaoyachafua maji haraka kama yeye, kwa kuwa hula sana na hukua sana.

Basi nikayatakasa maji ya samaki kama tunavyoyatakasa maji yetu ya kunywa. Niliyachemsha, nikayaacha yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa, nikayamimina. Baada ya saa chache samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wakihema kama wakimbiaji. Maji yanapochemka hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka pamoja na mvuke, nayo hairudi upesi ikiwa chombo kimefunikwa. Mimi sikulijua hilo. Niliona tu kwamba samaki wanataabika, nikafikiri usafi haujatosha. Nikaongeza ile dawa ya kutibia maji ya kunywa, kipimo kamili kama maelekezo yanavyosema. Klorini iliyomo katika dawa hiyo huua vijidudu vya tumbo, na kwa hiyo imeokoa watoto wengi katika nchi hii. Lakini samaki haijui kwa tumbo. Huipokea kwa matamvua, yaani yale mashavu mekundu anayopumulia, nayo humchoma. Nilikuwa nimewatilia sumu kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa upendo.

Kundi la pili lilikuwa la samaki wanne. Safari hii nilijifanya mjanja zaidi. Maji ya bomba niliyaacha katika ndoo zilizo wazi mchana kutwa na usiku kucha ili klorini iondoke hewani, na hilo lilikuwa sawa. Nikanunua na chujio dogo la umeme, lenye pampu na kipande cha sponji ndani yake. Kila Jumamosi nilikitoa kile kipande na kukifikicha chini ya bomba mpaka kikawa cheupe kama kilivyotoka dukani. Maji katika tangi yaling'aa kuliko yaliyomo katika glasi ya mgeni. Wiki ya tatu samaki wakaanza kulala chini kwenye kokoto, mapezi yamekunjwa, na wiki ya nne binti yangu akachukua tena jembe dogo.

Hapo ndipo nilipokwenda kumwona Bwana Samaki. Katika wilaya zetu bado yuko mtumishi anayeitwa hivyo na wananchi, kama vile yuko Bwana Shamba, na shughuli yake kubwa ni mabwawa ya sato na doria ya nyavu haramu. Ni mtu wa makamo, mpole, na nadhani sikuwa mtu wa kwanza kumfikishia msiba wa namna hiyo. Baada ya kuitikia shikamoo yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Ule utelezi uliokuwa kwenye sponji, mwandishi, uliupeleka wapi?"

"Niliuosha, mzee. Wote."

"Basi uliliosha chujio lenyewe likaenda na maji. Kilichobaki mkononi mwako kilikuwa sponji."

Somo lake nitalieleza kwa kifupi, kwa sababu ndilo lililobadili kila kitu. Samaki anapokula hutoa amonia, sehemu kubwa kwa njia ya matamvua. Chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Ni sumu isiyo na rangi, na ikiwa kidogo hata pua haiisikii. Ndiyo maana maji yanaweza kung'aa huku samaki akifa ndani yake. Kinachoiondoa ni bakteria. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki kubeba hewa. Kisha wako wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Hiyo nitrati huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji, au hunyonywa na mimea. Bakteria hao hujishikiza kwenye kokoto, kwenye kioo, na zaidi ya yote katika matundu ya sponji, na ule utelezi niliouchukia ndio mji wao. Hawazaliani upesi. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita kabla mji huo haujakamilika, nami kila Jumamosi nilikuwa nikiubomoa kwa maji yenye klorini.

"Maji ya kunywa tunayaua," alisema, "ya samaki tunayalea."

Ilitokea kwamba wiki iliyofuata nilikuwa na kazi Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, naye alikuwa na safari ya kukagua mabwawa upande huo huo. Tulikwenda pamoja kwa njia ya Omurushaka na Nkwenda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Njiani alimwomba dereva asimame penye bonde moja la mafunjo, akanionyesha kijito kilichoingia kutoka mashambani kikiwa chekundu kwa udongo. Tulitembea ukingoni kama robo saa, viatu vikizama, mpaka mahali kijito kilipotokea upande wa pili. Maji yalikuwa yametulia, yamekuwa ya rangi ya chai nyepesi, na unaweza kuuona mchanga chini. Mashina ya mafunjo yalikuwa yamepunguza mwendo wa maji hata tope likazama. Na mizizi ile, aliniambia, imevikwa utelezi ule ule wa kwenye sponji. Maji ya mabonde kama hayo hutiririka hatimaye kwenye Mto Kagera, na Kagera huyapeleka Ziwa Viktoria. Mtu anapochoma mafunjo ili apande viazi, analifanya lile nililolifanya mimi kila Jumamosi, ila yeye ana tangi kubwa zaidi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na ari mpya, na ari mpya kwa mwanamume mara nyingi huwa na bei. Nilikuwa nimeona tangazo la chujio kubwa la kutoka nje, mtungi uliofungwa unaokaa chini ya meza, wenye mipira miwili, mmoja wa kuvuta maji na mwingine wa kuyarudisha, na ndani yake ghorofa tatu za vichujio. Fedha nilikuwa nimeziweka akiba. Nikamweleza mke wangu jioni, wakati akimenya ndizi, na nilimweleza vizuri, pamoja na bakteria wote.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Baba watoto, kiangazi kilichopita tulinunua maji dumu kwa dumu tangu Juni hadi Agosti. Fedha hiyo inatupatia tangi la mvua la lita 1,000 na mifereji ya bati. Nawe unataka kununua mtambo wa kuoshea maji ya samaki ambao hata hawapo?"

Nakiri kwamba nilikasirika, kama anavyokasirika mtu asiye na hoja. Usiku ule nilikaa na kalamu na karatasi, nikaanza kufanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya tangu mwanzo. Ule mtungi ni chombo kizuri, sikatai. Kwa mtu mwenye tangi la lita 300 na umeme usiokatika, hakuna ubishi. Lakini umeme wetu hukatika. Bakteria nao hupumua. Wakifungiwa ndani ya mtungi bila maji kupita, baada ya saa chache hewa huwaishia na huanza kufa, na umeme ukirudi pampu hurudisha uozo wote tangini. Sponji iliyo wazi ndani ya tangi haina hatari kubwa kiasi hicho. Nikakumbuka pia kwamba hata mtungi wa bei kubwa namna gani hauiondoi nitrati. Maji yatabadilishwa tu. Kwa tangi letu, robo ya maji kila wiki ni kama lita 13, yaani chini ya dumu moja la lita 20. Katika mwezi wa Julai hilo dumu moja lina mdomo wa kuuliza maswali.

Mkaa nao niliufikiria. Wauzaji husifu vichujio vya mkaa, na mkaa maalumu kweli huondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa. Ila amonia karibu hauigusi. Ule wetu wa jikoni ni mbaya zaidi, kwa sababu majivu yake huyafanya maji kuwa makali. Jirani mmoja alinishauri nitie gugu maji, kwa kuwa linanyonya uchafu ajabu. Linanyonya kweli. Lakini hilo ndilo gugu lililoshuka kwa Mto Kagera hadi likayafunika maghuba ya Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990, na Bwana Samaki aliposikia alinikunjia uso kwa mara ya kwanza. Jirani mwingine, mtu wa utani, alisema twende tukachote maji ya chemchemi ya moto ya Mtagata, maana yakiwaponya watu hayatashindwa na samaki. Nilimwambia kwamba wataiva kwanza.

Tulinunua tangi la mvua.

Chujio tulilitengeneza wenyewe, mimi na binti yangu, mezani. Tulikata chupa ya plastiki, tukatoboa matundu ubavuni, tukaweka kokoto chini ili isielee, juu yake sponji nene isiyotiwa dawa yoyote, na katikati tukapitisha bomba jembamba. Mpira wa pampu ya hewa huingia chini ya bomba hilo. Mapovu yanapopanda huyabeba maji ndani ya bomba, na maji mengine hulazimika kupita katika sponji kujaza nafasi. Hakuna kitu kingine kinachozunguka wala kuharibika. Pampu niliyoinunua ni ndogo, yenye betri ndani yake inayojichaji wakati umeme upo na kuendelea kupuliza unapokatika. Katika kioo, upande wa dirishani, tuliegemeza kitawi cha kiazi kitamu, mizizi majini na majani nje; kilinyonya nitrati na kufika dirishani kabla ya mwezi kwisha. Jambo hilo si geni. Bustani ya wanyama ya London ilipofungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853, wafugaji wa zama hizo hawakuwa na umeme, walitegemea mimea.

Kuhusu maji yenyewe tulijifunza tahadhari moja zaidi. Maji ya mvua ni mepesi mno, hayana chumvi za ardhini, na bakteria wanapofanya kazi huyafanya kuwa na asidi. Yakiwa peke yake hayana kitu cha kuituliza asidi hiyo. Kwa hiyo tunachanganya, nusu ya mvua na nusu ya bomba lililolala ndooni.

Kisha tukangoja. Wiki tano tangi lilikaa bila samaki, likipuliza mapovu, na kila siku binti yangu alitia chembe chache za chakula ili zioze na kuwalisha bakteria wasioonekana. Wageni walitucheka. Niliagiza kutoka Dar es Salaam vile vipimo vya matone ambavyo hubadili rangi kwenye kichupa, naye akafungua daftari la mistari: amonia ilipanda, ikashuka, nitriti ikapanda baada yake, ikashuka, nitrati ikatokea. Siku amonia na nitriti ziliposoma sifuri kwa mara ya tatu mfululizo alinipelekea daftari lile kazini. Bwana Samaki aliruhusu samaki wawili, si sita, na akatuonya kwamba hata hao wawili siku moja watalizidi tangi.

"Wakilizidi tutawaachia bwawani," alisema binti yangu.

Hapo mzee alivuta kiti. Alimweleza juu ya sangara, aliyeletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na jinsi alivyofurika katika miaka ya 1980 na kuwamaliza furu, wale samaki wadogo ambao ziwa hilo lilikuwa na mamia ya aina zao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wameanza kuwachunguza furu Mwanza mwaka 1977, na wakajikuta wanawahesabu wakati wanatoweka. Ziko aina ambazo wazao wake wamehifadhiwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Samaki mgeni haachiliwi majini, alisema, hata akiwa mdogo kiasi gani, hata akiwa mzuri kiasi gani. Mtoto alisikiliza bila kupepesa. Kisha akauliza kama hao furu wa Ulaya nao wana sponji. Mzee akamjibu kwamba bila shaka wanayo, ya aina moja au nyingine.

Mtihani wetu ulikuja Novemba, pamoja na senene. Shemeji yangu alitutembelea, sahani ya senene waliokaangwa ikawekwa mezani, nasi tukatoka nje kuzungumza. Yeye alibaki ndani, akaona samaki wawili wakimwangalia kwa njaa ile wasiyoiacha kamwe, akawaonea huruma. Aliwatilia konzi nzima, pamoja na mafuta na chumvi. Asubuhi tangi lilikuwa jeupe kama maji ya kuoshea mchele, na utando wa mafuta juu. Kipimo cha amonia kilikuwa cha kijani, rangi ambayo daftari halikuwa limeiona kwa miezi.

Nilitaka kulimwaga tangi lote na kuanza upya. Binti yangu alikataa. Aliuvua utando kwa karatasi, akatoa mabaki ya senene kwa kichungio cha chai (jambo ambalo mama yake alilijua baadaye), akabadili nusu ya maji, na sponji hakuigusa. Siku ya pili akabadili nusu tena, na siku ya tatu tena. Hizo zilikuwa ndoo za lita 25 kwa siku, na zaidi ya nusu ya maji hayo yalitoka katika tangi la mvua lililokuwa limejaa hadi kumwagika. Ingekuwa kiangazi, au ningekuwa nimenunua ule mtungi, sijui ningeyapata wapi. Mke wangu alipita ukumbini na ndoo ya nguo, akatazama, asiseme neno. Nilimshukuru kwa hilo.

Siku ya nne maji yalikuwa meupe kidogo. Siku ya sita yalikuwa safi, na kipimo kikarudi kwenye rangi yake ya manjano. Samaki wote wawili walikuwa hai. Maji machafu tuliyotoa, siku zisizokuwa na chumvi ya senene, huenda kwenye mgomba ule ule wa nyuma ya jiko, nao umezaa mkungu ambao shemeji ameshauulizia.

Leo ni Jumapili, siku ya kubadili maji. Ninapoandika mstari huu nasikia ndoo ya kwanza ikiburutwa ukumbini, na mama yake akiuliza kutoka nje ni nani aliyeiacha koki ya tangi ikidondoka.